Ngano nimeiacha, karamu sijaziacha

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mama, unaishije bila chapati?" Huniuliza wateja wangu wa vitenge, huniuliza mashemeji, huniuliza hata madereva wa malori wanaovuka Malaba na kusimama hapa Tororo kununua zawadi za kupeleka nyumbani. Nalielewa swali lao. Hapa Uganda chapati ndiyo chakula cha mtu mwenye haraka: asubuhi rolex (mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati), mchana kikomando (chapati iliyokatwakatwa na maharage), jioni chapati na chai. Mtu akisema hali ngano wanamhurumia kama mfiwa.

Ninaishi vizuri, tena vizuri kuliko wakati ule nilipokuwa naila. Ila jibu hilo fupi linaweza kumpoteza mtu, ndiyo maana nimekaa leo kuandika. Wapo waliosikia kwamba ngano inaharibu utumbo, wakaiacha kabla hawajapimwa chochote. Wapo wengine wanaoharisha mwezi baada ya mwezi na hawajui pa kuanzia. Ugonjwa wangu umenifundisha kitu kimoja: chakula kina nafasi yake, lakini nafasi hiyo si ya kwanza. Kuna mambo mawili yanayotangulia, na ukiyaruka hutajua kamwe ni kipi kilichokusaidia.

Nina kolaitisi ya hadubini. Ni uvimbe wa utumbo mpana usioonekana kwa macho. Daktari akipitisha kamera anakuta utumbo safi, hauna kidonda wala damu, na kama ni mtu wa haraka atakwambia huna kitu. Mpaka anyofoe vipande vidogo vya ngozi ya ndani, sehemu mbalimbali za utumbo, vikakatwe maabara na kuwekwa chini ya hadubini, hapo ndipo ugonjwa unajitokeza. Una sura mbili. Katika moja, chembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi zimejipenyeza kwenye ngozi ya utumbo, zaidi ya 20 katika kila chembe 100 za ngozi. Katika nyingine, chini ya ngozi hiyo kumejengeka utando mnene wa kolajeni. Hii ilielezwa kwanza na daktari wa Uswidi mwaka 1976. Mimi ninayo ile ya limfositi. Dalili zake hazitofautiani: choo cha maji matupu, bila damu, mchana na usiku, na kinakuja kwa haraka isiyokupa nafasi hata ya kumwambia mteja subiri. Huwapata zaidi wanawake, hasa waliovuka miaka 50. Mimi nina miaka 58. Hauambukizi, na hauongezi hatari ya saratani ya utumbo mpana. Maneno hayo mawili ya mwisho niliyashika kwa mikono yote miwili siku niliyoambiwa.

Sasa mtazame mwanamke wa Uganda anayeharisha na kukonda. Sisi tuliokuwa wasichana miaka ya themanini tunajua jicho atakaloangaliwa nalo. Tulizika watu wa silimu, yaani UKIMWI. Mwaka 1985 Daktari David Serwadda na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wa kusini mwa nchi hii waliokuwa wakiharisha na kuisha mwili, na ndivyo dunia ilivyojua kilichokuwa kikitumaliza. Picha hiyo haijafutika vichwani mwetu. Blauzi zilipoanza kunining'inia, jirani mmoja sokoni aliacha kukaa kwenye kigoda changu. Nilipimwa, nikapimwa tena, sina. Nasema wazi kwa sababu najua kuna mama mahali fulani anaogopa kwenda kupima tumbo kwa kuhofia yatakayosemwa. Nenda kapime yote. Ukiwa na virusi kuna dawa. Ukiwa huna, daktari ataanza kutafuta kwingine.

Kabla ya Kampala nilizunguka sana. Kuna zahanati moja ambayo kila nilipokwenda walinitoa damu, wakafanya kipimo cha Widal, wakaniambia ni taifodi. Nilikunywa siprofloksasini. Baadaye ikawa amiba, nikanywa metronidazoli mpaka mdomo ukawa na ladha ya shaba. Kwetu taifodi ipo, amiba ipo, jiadia ipo, na choo lazima kipimwe. Lakini Widal inaweza kutoa jibu la ndiyo kwa mtu aliyewahi kukutana na vijidudu hivyo zamani, na katika nchi kama yetu ni wengi. Mtu anapopewa dawa ile ile mara kwa mara na tumbo haligeuki, mtoa dawa anapaswa kusimama na kuuliza. Hakuna aliyeuliza. Nilikasirika, na hata leo nikilikumbuka nakasirika, maana pesa zile zilikuwa karo.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka Kampala. Anayejua njia ya Tororo kwenda Kampala anajua ninachosema: Bugiri, Iganga, Jinja, halafu msitu wa Mabira, na ndani ya basi hakuna choo. Nilisafiri tumbo tupu, kanga mbili za akiba mfukoni, nikakaa kiti cha mlangoni. Kondakta, kijana mdogo wa Busia, binti yangu alipomnong'oneza alisema tu, "Mama, ukitaka tusimame gonga hapa." Mungu amweke.

Daktari wa matumbo, mtu wa sauti ndogo, hakuanza na kamera. Alianza na mfuko wangu. "Mama, mwaga hapa mezani dawa zote unazotumia, hata za dukani."

Nikamwaga. Kulikuwa na diklofenaki ya magoti, kwa sababu cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga, na omeprazoli ambayo duka la dawa walinipa ili diklofenaki isinichome tumbo. Akazitenga hizo mbili kwa kidole. Akaniambia dawa za maumivu za jamii hiyo, yaani diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, pamoja na dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli na lansoprazoli, zimehusishwa na ugonjwa huu. Ipo pia sertralini, dawa ya sonona. Na sigara nayo imo. "Nikikuta nilichokidhania, hizi tutaziondoa kwanza. Chakula usikibadili bado."

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka msomaji alichukue. Kabla hujamlaumu mwokaji mikate, tazama sanduku lako la dawa. Ila usiache dawa uliyoandikiwa bila kuzungumza na aliyekuandikia. Aspirini ya mtu wa moyo na sertralini ya mtu wa sonona si vitu vya kuacha kwa kusoma maandishi ya mshona nguo. Mimi ya magoti nilibadilishiwa paracetamoli, na mume wangu akanifungia mota kwenye cherehani. Magoti yanashukuru mpaka leo.

Vipande vilipotoka maabara, daktari alinionyesha kwenye kompyuta yake. Sikutegemea ugonjwa uwe na rangi nzuri namna ile: waridi na zambarau, mistari ya visima vya utumbo, vile vijishimo vya ngozi yake, imejipanga safi kabisa, na katikati yake nukta nyeusi nyeusi, nyingi, zimejibanza kati ya chembe na chembe hadi kwenye ukingo. "Hizi ndizo zinazokuamsha usiku," akasema. Nilizitazama muda mrefu. Baada ya kuitwa mgonjwa wa kila kitu, kuona kitu chenyewe kulinipa nguvu ambazo siwezi kuzieleza.

Nikaanzishiwa budesonidi, miligramu 9 kila asubuhi kwa wiki 8, kisha kupunguza. Ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayofanya kazi yake ndani ya utumbo, na sehemu kubwa ya ile inayonyonywa huvunjwa na ini kabla haijazunguka mwilini, kwa hiyo madhara yake ni madogo kuliko ya prednisoloni, steroidi inayozunguka mwili mzima. Ilinishika vizuri. Kabla wiki ya pili haijaisha nililala usiku mzima. Tahadhari moja kwa mtakaoandikiwa: budesonidi ipo pia ya kuvuta kwa wagonjwa wa pumu, na hiyo inakwenda kwenye mapafu. Unayotaka wewe ni kapsuli iliyotengenezwa kufunguka chini utumboni. Niliwahi kupewa kopo la kuvuta na muuzaji aliyesoma jina tu. Kapsuli zenyewe ni ghali, na kwa Tororo lazima uagize.

Na hapa ndipo penye ukweli mchungu. Dawa hiyo inawatuliza wagonjwa walio wengi, lakini ikiachwa, wengi ugonjwa unawarudia. Mimi ulinirudia. Ndipo nikamuuliza daktari habari ya ngano, maana binti yangu alishanijaza simu na habari za gluteni.

Akaniambia jambo la pili linalotangulia chakula: seliaki. Huo ni ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, inausukuma mwili wa mtu kushambulia utumbo wake mwembamba. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alishaishuku ngano tangu miaka ya thelathini, na njaa ya vita ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, ikamzidishia hakika. Wenye kolaitisi ya hadubini hupatikana na seliaki zaidi kuliko watu wengine, na mwenye seliaki akiacha gluteni na bado anaharisha, kolaitisi hii ni mojawapo ya mambo ya kutafutwa. Kwa hiyo lazima ujue kama unayo. Kipimo ni cha damu, kinatafuta kingamwili, na kinafaa tu kama bado unakula ngano. Ukiiacha kwanza kingamwili hushuka, na jibu linaweza kuwa hapana ilhali unaumwa. Ndiyo sababu alinikataza kubadili chakula. Nilipimwa damu, na vipande vya utumbo mwembamba vikachukuliwa. Sina seliaki.

"Basi ngano haihusiki?" nikamuuliza.

"Sijasema hivyo, Mama. Kwa asiye na seliaki hatuna ushahidi thabiti kwamba kuacha gluteni kunatibu ugonjwa huu. Lakini wapo wagonjwa wanaopata nafuu. Tujaribu, kwa daftari."

Nikajaribu kwa daftari. Upande wa kushoto nilichokula, upande wa kulia choo, usingizi na maumivu. Wiki za kwanza sikuona tofauti kubwa, nikakata tamaa kidogo. Kisha kidogo kidogo safari za usiku zikapungua, tumbo likaacha kunguruma wakati wa swala ya alfajiri, nikaweza kukaa dukani mpaka adhuhuri bila kupanga njia ya chooni. Baadaye, kwa maagizo yake, nikairudisha ngano: mkate wa dukani na mahamri. Siku chache tu, kulia kwa daftari kukajaa. Nikaiacha tena. Sijawahi kuirudisha tangu hapo.

Je, ni gluteni yenyewe? Daktari alinieleza kwamba ngano ina pia wanga fulani uitwao fruktani, ambao utumbo hauusagi, unavuta maji na kuchachuka huko chini, na baadhi ya matumbo hayauvumilii. Kitunguu maji kina fruktani pia, na kitunguu saumu. Maharage yana ndugu zake. Nilipolisikia hilo nikakielewa kikomando: chapati, maharage na kitunguu katika sahani moja. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba adui yangu ni gluteni. Ninachokijua ni kwamba ngano ikitoka mwilini mwangu mlipuko, yaani ugonjwa unapowaka tena, hupungua nguvu, unachelewa kuja, na ukija unaondoka kwa dawa kidogo. Budesonidi sikuitupa. Ipo, ninaitumia daktari anaponiambia.

Sasa chakula, na hapa nina mengi.

Mitandaoni utakuta unga usio na gluteni, tambi zisizo na gluteni, biskuti zake. Kampala vipo katika maduka makubwa, na bei yake ni ya kumfanya mtu arudi kwenye ugonjwa. Sikununua. Nchi hii imekaa juu ya chakula kisicho na gluteni. Matoke hayana. Muhogo, viazi vitamu, viazi mbatata, magimbi, vyote havina. Posho ya mahindi haina. Wimbi halina, mtama hauna. Mchele hauna, na sisi Tororo tuna bahati ya mchele wa Doho kutoka Butaleja hapo jirani. Karanga na ufuta, samaki, kuku, mayai, mboga za majani. Jirani zangu Wateso na Wajopadhola wamelelewa kwa ugali wa wimbi na muhogo, na hakuna aliyewahi kuwaambia wanakula chakula cha hospitali.

Ugali huo wa wimbi, hata hivyo, si wa wakati wa mlipuko. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, miaka mingi, alikwenda Uingereza akahubiri faida ya nyuzinyuzi kwa sababu ya alichokiona kwetu, na kwa mtu mzima wa afya alisema kweli. Tumbo linapowaka, nyuzinyuzi nyingi zinaliongezea kazi. Kwa hiyo wimbi na mboga ngumu navipumzisha mpaka hali itulie, halafu navirudisha polepole, kwanza kama uji mwepesi.

Mashine ya kusaga nayo nilijifunza kuiangalia. Mashine nyingi za kwetu hazisagi ngano, lakini watu huleta michanganyiko ya uji: mahindi, soya, mukene (dagaa wadogo), na mara nyingine ngano, hasa wenye ndugu Kapchorwa na Bukwo ambako ngano na shayiri hulimwa. Nenda utazame mdomo wa mashine. Umefungwa mfuko mrefu wa kitambaa, kama mguu wa suruali, ambao unga hupitia kabla ya kushuka kwenye ndoo. Mfuko ule hauoshwi. Kijana akimaliza kazi ya mtu anaukung'uta kwa fimbo, pa pa pa, na vumbi la mteja aliyepita linashuka kwenye ndoo yako. Wakati wa majaribio nilitaka jaribio liwe safi, kwa hiyo nilishona mfuko wangu mwenyewe, nikamwomba mwenye mashine aufunge nikija. Alidhani ni mambo ya uchawi. Nikamweleza, akaelewa, sasa nikifika anaushusha mwenyewe kutoka msumarini. Bado namwachia sahani ya kwanza ya unga kwa ajili ya kuku wake. Mimi sina seliaki, punje mbili za vumbi hazitaniua, lakini kwa mwenye seliaki hilo si jambo dogo. Kiwango cha kimataifa cha kuita chakula hakina gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, na mfuko wa namna hiyo unaweza kukivuka.

Pakiti nazo nazisoma. Sosi ya soya nyingi ina ngano. Soseji zinaweza kuwa na ngano, na viungo vya mchuzi vya pakiti vilevile. Vinywaji vya unga vya kimea vina shayiri. Kabalagala nazipenda sana, kwa asili ni ndizi na unga wa muhogo, lakini siku hizi wauzaji wengine wanachanganya ngano ili zishikane. Nauliza. Muuzaji wa kweli hasiti.

Kilichonitesa kweli kilikuwa meza za watu. Unga hauna hisia, watu wanazo. Kwetu mgeni asiyekula amemkataa mwenyeji, na sisi Waislamu tuna futari, tuna maulidi, tuna arusi, na kila mahali sambusa na chapati ndizo zinazotangulia. Mwaka wa kwanza wifi yangu wa Jinja alininunia. Alikuwa ameamka usiku kunitengenezea mahamri ya nazi, nami nikanywa chai ya rangi peke yake. Aliwaambia ndugu kwamba siku hizi ninajiona.

Nilimfuata jikoni nikamfungia mlango. Nikamwambia yote, hata yale ya kanga za akiba ndani ya basi. Alikaa kwenye gunia la mkaa akalia. "Wifi, kwa nini hukusema? Mimi nikajua umenichoka." Tangu siku ile yeye ndiye wakili wangu. Akiniona naingia anapiga kelele, "Wali wa wifi usichanganywe na mwiko wa tambi!" Namwambia apunguze sauti, hasikii.

Nilichogundua ni kwamba watu hawakasiriki ukiwaambia mapema na ukiwaambia unachokula badala ya usichokula. Nampigia mwenyeji siku mbili kabla: "Mimi pilau yako naisubiri kwa hamu, na kuku, na ndizi za nyama. Vya ngano daktari amenizuia." Pilau ni salama, biriani ni salama, samaki wa kupaka ni salama. Kwenye sinia la pamoja nakaa upande wangu, kwa sababu wenzangu wanachovya chapati katika mchuzi ule ule. Mikono ya watu siwezi kuizuia, na sitaki kuizuia. Kula pamoja ni sehemu ya uzima wangu pia.

Njiani ni rahisi kuliko nilivyoogopa. Pale Mabira, Najjembe na Namawojjolo, vijana wanaokimbilia madirisha ya basi wanauza gonja, ndizi za kuchoma, muhogo na kuku wa mkaa. Chapati unaiacha kwa mwenzako.

Ramadhani nafunga nikiwa mzima. Mlipuko ukinikuta ndani ya mwezi nakula, na siku nazilipa baadaye. Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Baqara, imemruhusu mgonjwa. Kuna mama waliniambia nijikaze. Kuharisha maji mchana kutwa bila kunywa kunaweza kukuangusha na kuziumiza figo, na hakuna aliyeamrishwa hivyo.

Mlipuko unapoanza, najua dalili yangu: mngurumo wa saa tisa usiku. Kesho yake naacha maziwa, kahawa, maharage, kitunguu na vyenye mafuta mengi. Nakula wali mweupe laini, matoke ya kuponda, supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta. Nakunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Natazama tena mfuko wa dawa, kama kuna jipya lililoingia. Nina loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, ya safari kwa ruhusa ya daktari. Nikiona damu, au homa, au kizunguzungu nikisimama, hapo si kolaitisi yangu niliyoizoea, naenda hospitali siku hiyo hiyo. Hata ikiwa haijafika huko, siku zikisogea bila nafuu nampigia daktari.

Na kwa wote wanaonihurumia kwa kukosa kitafunwa cha chai, nawaachia mkate wa kumimina wa marehemu mama yangu. Aliuleta kutoka Mombasa alipokuja kuolewa na baba, aliyekuwa fundi wa reli hapa Tororo kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, nasi watoto tuliula tukidhani kila nyumba ya Tororo inaula. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi umwage maji, usage mchele kwa tui zito la kikombe kimoja na nusu (nazi zinavuka Malaba kila siku, uliza sokoni) mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Tia sukari robo tatu ya kikombe, kijiko kidogo cha hamira, iliki ya kutwanga. Funika, weka mahali pa joto, uumuke mpaka uwe na mapovu juu. Pasha sufuria nzito, ipake mafuta, mimina. Moto wa chini uwe mdogo sana. Ukiona umeshika pembeni na juu pamekauka, weka kifuniko na makaa juu yake, upate rangi. Usiufunue kila dakika. Unga wa mchele wa dukani unaweza kutumika, ila hauleti ulaini ule, na soma pakiti kwanza. Sufuria iwe yake peke yake. Usitumie ile uliyokaangia sambusa jana, mafuta yanabaki kwenye kingo na unga wa ngano umo humo.